Sindano Niliyomkataza Teyo

Santa Cruz Yutandú, 18 Januari 1996

Mdogo wangu Eleuterio,

Nakusalimu, na nyumba nzima inakusalimu mpaka kuku. Mimi ni mzima. Mwanangu Abundio mzima, mkewe Crispina mzima na ulimi wake mzima zaidi, wajukuu wanne wazima, wa tano yuko tumboni. Maharage tulipata kiasi. Kofia za ukindu hazina bei siku hizi, lakini tunasuka tu, tutafanya nini. Duka langu linakwenda. Watu wa soda wamekuja wakanipaka ukuta wa mbele rangi nyekundu bure, wakaniachia na friji. Ukirudi utadhani umepotea njia.

Barua yako ya Krismasi nimeisoma mwenyewe, mara tatu. Miaka mitatu ya shule imenitosha. Usiniambie nipige simu. Ile simu ya Don Filemón ina kipaza sauti juu ya paa, ukiitwa unaitwa mbele ya kijiji kizima, halafu watu sita wanakaa kwenye benchi wanakusikiliza unavyojibu. Mambo yangu si ya benchi.

Sasa jambo lenyewe. Unasema daktari wa huko San Quintín amekupima damu akakukuta na sukari. Haya. Sukari inaletwa na mshtuko, hilo hapa kila mtu analijua. Mzee Macario aliipata siku alipokanyaga nyoka. Delfina jirani aliipata siku mwanawe alipoletwa nyumbani amebebwa. Nakuuliza wewe: nani amekushtua, na wapi? Roho ya mtu aliyeshtuka inabaki palepale aliposhtukia, na ni pale pale inapoitwa. Nitajie mahali, nijue pa kuanzia. Usinijibu kwamba hukumbuki. Mtu anakumbuka.

Halafu pembeni kabisa mwa karatasi umeandika neno moja dogo, kama mtoto aliyeficha mkate mdomoni. Eti umepewa insulini ya kujichoma kila siku.

Teyo. Mama yetu alikuwa anaona. Mwaka wa hamsini wakampeleka hospitali ya Huajuapan wakamchoma hiyo hiyo, na miezi mitatu baadaye akawa ananipapasa uso ili ajue kama ni mimi. Mwaka uliofuata tukamzika. Wewe ulikuwa na miaka minane, huwezi kukumbuka. Mimi nilikuwa na kumi na tisa na nakumbuka kila kitu. Sindano ile inapofusha watu. Chukua hivyo vichupa vyote ukavitupe, na asubuhi kabla hujala unywe maji ya mpungate.

Mama alipokufa ni mimi niliyekulea. Sijawahi kukuambia kitu kibaya.

Dada yako,
Honorata


San Quintín, 25 Februari 1996

Dada Honorata,

Salamu kutoka kwenye vumbi. Namshukuru Mungu kwamba duka lako limekuwa jekundu, sasa ng'ombe dume wa Macario atakuwa na pa kupigia pembe. Huku ni nyanya, nyanya, nyanya. Tukimaliza nyanya kuna matango. Kambi ya vibarua imejaa watu wa kwetu, mtu anaweza kukaa mwezi mzima bila kusema neno la Kihispania.

Umeniuliza mshtuko. Ule niliowahi kuupata ni wa mwaka wa themanini na tisa, lori la wafanyakazi lilipopinduka pale kwenye daraja. Tulikuwa thelathini na moja juu yake. Wote tulishtuka, dada, na wengine walipiga kelele kuliko mimi, lakini sukari nimepata peke yangu. Sasa sijui.

Vichupa nimevitupa kama ulivyosema, sijafungua hata kimoja. Hapa nyumba ya pili kuna mama mmoja anaitwa Rutilia, mjane, mtu wa Sinaloa. Yeye ndiye aliyenipeleka kliniki ile mara ya kwanza, nilipokuwa nalala kazini. Alipoona vichupa kwenye takataka alininunia siku nne. Nikamwambia, "Dada yangu amesema." Akasema, "Dada yako ni daktari?" Nikamwambia, "Zaidi."

Maji ya mpungate nakunywa. Yanavutika kama kamasi.

Mdogo wako,
Eleuterio


Santa Cruz Yutandú, 16 Aprili 1996

Mdogo wangu Eleuterio,

Tumepita Pasaka salama. Mtoto wa Crispina amezaliwa, wa kike, ana sura ya baba yetu masikini. Tulibatiza Jumapili. Msimamizi wa ubatizo alileta kreti kumi na mbili za soda, watu wakasema hawajawahi kuona, na mimi niliketi karibu nazo nisije nikaibiwa. Siku hizi nina kiu sana. Ni joto. Na maji ya bomba yanatoka rangi ya chai na harufu ya chura, hivyo nakunywa soda, ambayo angalau inatoka imefungwa.

Umefanya vizuri kuvitupa. Kuhusu lori, usinichezee. Watu thelathini wengine roho zao zilirudi, yako imebaki darajani. Nenda ukachukue udongo wa pale, uufunge kwenye kitambaa, unitumie, nikuitie roho huku.

Sasa huyu Rutilia. Mwanamke gani anajua takataka za mwanamume mpaka anazichambua? Na kliniki alikupeleka kwa sababu gani? Pengine anapata chochote kwa kila mgonjwa anayempeleka. Ana miaka mingapi? Ana meno yote? Mume wake alikufa na nini? Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kwanza.

Na mwambie mimi si daktari. Daktari wa hapa ni kijana anayemalizia masomo yake, kila mwaka wanamwondoa wanatuletea mwingine, hajajua hata jina la kijito chetu. Mimi nimekaa hapa miaka sitini na mitano.

Nijibu upesi.

Honorata


Santa Cruz Yutandú, 20 Juni 1996

Eleuterio,

Sijapata jibu. Abundio anasema posta ndiyo mbovu. Posta haikuwa mbovu Februari.

Udongo uko wapi? Na mume wa yule mwanamke alikufa na nini?

Honorata


San Quintín, 11 Agosti 1996

Dada mpendwa Honorata,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na jamaa wote. Mimi naendelea. Samahani kwa kuchelewa. Kreti iliniangukia mkononi, ndiyo maana mwandiko huu si wangu, kuna mtu ananisaidia kuandika. Hapa mvua hakuna. Kazi nimepunguza kidogo.

Udongo sijapata nafasi ya kuufuata.

Mume wa Rutilia alikufa kwa kugongwa na trekta, nawe ukiuliza trekta lilikuwa la nani nitajua tu kwamba u mzima.

Mdogo wako akupendaye,
Eleuterio


Santa Cruz Yutandú, 6 Septemba 1996

Wewe unayejiita Eleuterio,

Salamu sitoi mpaka nijue nazitoa kwa nani.

Ndugu yangu hajawahi kuniandikia "dada mpendwa" tangu azaliwe. Hajui "natumaini barua hii itakukuta". Na huu mwandiko nimeutazama juani: herufi zimepangwa kama meza ya harusi. Huyu ni mwanamke, na ni mwanamke aliyesoma, na mimi sijazaliwa jana.

Mkono? Mkono upi? Kama ni wa kulia basi kuna wa kushoto, angeweza kuchora hata mbuzi nikajua ni mbuzi wake.

Sasa kama huyo kupe wa Sinaloa amemng'ang'ania ndugu yangu, amemfungia ndani, anampa kitu kwenye chakula, anajiandikia barua kwa jina lake ili sisi tutulie, nataka anisikie vizuri. Nina mwana wa kiume mwenye mabega. Anaweza kupanda basi. Na kama Teyo yuko hai, ajibu haya matatu, ambayo hakuna kupe anayeyajua. Moja, baba alimwitaje yule punda wake kiwete? Mbili, siku ya komunyo yako ya kwanza nini kilianguka kwenye sufuria ya uji? Tatu, nilikuchapa kwa nini siku ile ya mwisho kabisa niliyokuchapa?

Huku pia nimezungukwa na watu wa kuchungwa. Crispina ameanza vituko. Asubuhi moja ananiita, "Mama, njoo uone." Naenda, naona sisimizi wamejaa kwenye chungu changu cha haja ndogo, wamepanga mstari kutoka ukutani. Ananitazama na yale macho yake ya kondoo, anasema, "Mama, hii ni sukari, twende kituoni." Nikamwambia, "Sukari ndiyo, na wewe ndiye uliyeimwaga humo." Akalia. Wanaojua kosa lao hulia upesi. Anataka niogope, nikalale huko kituoni, yeye abaki na ufunguo wa duka.

Tangu siku hiyo chungu nakimwaga na kukiosha mwenyewe, na ndoo ya sukari naifungia.

Nasubiri majibu matatu.

Honorata Cruz, binti wa Tomasa


San Quintín, 9 Oktoba 1996

Dada,

Mpendwa nimelifuta, usije ukanitumia Abundio na mabega yake.

Moja. Baba hakuwahi kuwa na punda kiwete. Punda alikuwa mzima, baba ndiye aliyechechemea. Punda alimwita Jaji, kwa sababu alikaa katikati ya njia na hakuna aliyejua lini ataamua. Umenitega, dada, umri huu!

Mbili. Kilianguka kiatu cha padri. Sababu tunaijua wewe na mimi na padri.

Tatu. Hukunichapa. Ulichukua fimbo, nikakuambia nakwenda kaskazini na basi la asubuhi, ukaiweka chini ukanipa mikate ya mahindi, tortilla kumi na mbili, kwenye kitambaa. Kitambaa ninacho.

Huyu anayeandika ni Rutilia. Ananiuliza kama kweli aandike "kupe" nikitaja barua yako. Nimemwambia aandike.

Sasa mimi nina swali langu, moja tu. Aprili una kiu. Septemba una sisimizi. Crispina hana sukari ya kumwaga, dada, kwako hata chumvi unaipima. Umekwenda kupimwa?

Eleuterio


Santa Cruz Yutandú, 12 Novemba 1996

Teyo,

Basi ni wewe. Afadhali.

Siku ya wafu tumewawekea baba na mama mkate, maua, kofia mpya na soda mbili. Mama alipenda kahawa lakini kahawa imepanda.

Mimi ni mzima. Nani kakuambia mimi mgonjwa? Nimekonda kidogo kwa sababu nafanya kazi, si kama wengine. Kuna kidonda kidogo kwenye kidole gumba cha mguu, kiatu kimenichubua wakati wa mavuno, kinachelewa kupona kwa kuwa Crispina anakiombea kisipone. Wala hakiumi. Hata nikikigusa na mkaa hakiumi. Umeona jinsi nilivyo mzima?

Nakuuliza tu, si kwa ajili yangu: huyo daktari wenu alisema mtu wa sukari anaamka mara ngapi kukojoa? Ni Delfina anataka kujua.

Na mkono miezi mitatu haujapona? Mkono wa mtu unapona kwa wiki sita hata ukivunjika vipande. Huyo mwanamke anakushika mkono au anakushika kitu kingine? Anayejua kuandika vizuri hivyo kwa nini yuko kwenye nyanya? Mwambie kwamba mwanamke wa kusoma anayekaa kambini ana jambo anakimbia. Mwambie nimesema mimi.

Ukinificha kitu, Teyo, nitajua.

Honorata


San Quintín, 5 Januari 1997

Dada,

Kaa kwenye kiti. Crispina akupe maji, si soda.

Mkono wangu haujawahi kuumia. Macho ndiyo yameondoka. La kushoto halioni kitu. La kulia linajua dirisha liko wapi mchana, basi. Nimekuwa hivi tangu Julai. Barua yako ya Juni Rutilia ndiye aliyenisomea, na zote zilizofuata amenisomea yeye, kwa sauti, neno kwa neno. Nilimwambia, "Ukiruka hata moja nitajua, mimi namjua dada yangu anavyosema." Hajaruka. Ulipomwita kupe, alisoma kupe. Ile uliyouliza kama ana meno yote ilinikuta bado naona kidogo, nikamsomea mimi, akajibu kwamba amepungukiwa mawili ya nyuma. Hii ya juzi, ya kwamba anakimbia jambo, aliisoma yote akaenda kuanika nguo, akarudi akaniuliza, "Tunajibu leo au kesho?"

Sikutaka ujue. Nilijua utajua sababu.

Sasa nisikilize na usinikatize, maana kwenye barua huwezi.

Unasema mama alikuwa anaona vizuri mpaka walipomchoma. Wewe ulishaolewa, ulikuwa nyumba ya juu. Mimi nilikuwa naye. Mwaka mzima na zaidi kabla ya Huajuapan, mama alikuwa ananiita nyuma ya nyumba asubuhi nimtungie uzi kwenye sindano zake za kushonea. Natunga kumi, nazichomeka kwenye mto, anakaa nazo siku nzima, mtu akipita anaona mama anashona kama kawaida. Aliniambia, "Teyo, usimwambie Honorata, atasema nimezeeka." Nikaapa. Alikuwa na miaka thelathini na minane, dada. Na alikuwa ananiambia kuna nzi weusi mbele ya uso wake, nami nawafukuza kwa kofia. Nafukuza na sioni nzi. Nikadhani mimi ndiye mwenye macho mabaya.

Nimekaa na kiapo hicho miaka arobaini na saba, wala sikuwa nakiwaza. Ilikuwa tu mama na mashono yake. Halafu Mei mwaka jana, nikiwa shambani, nzi wale wakanijia mimi. Nikavua kofia kuwafukuza. Nikaganda pale katikati ya nyanya na kofia mkononi. Na mimi sindano nilikuwa sijachomwa hata moja. Ulinikataza, nikavitupa vyote vimefungwa.

Unaona sasa? Si sindano iliyompofusha mama. Walimchoma akiwa amekwisha chelewa, kama mimi.

Sikulaumu. Nilikuwa mwoga, wewe ulinipa sababu, nikaipokea kwa mikono miwili. Daktari nilimuuliza kama ningechoma tangu mwanzo ningekuwa naona leo. Akasema hajui, pengine moja lingebaki. Sasa nachoma. Rutilia ananipimia, mimi nachoma mwenyewe.

Kidole kisichosikia mkaa, dada, si kidole kizima. Hapa kambini kuna mzee alisema hivyo hivyo, sasa anatembea kwa gongo. Nenda kituoni. Nenda hata kama daktari ni mtoto. Mimi sijawahi kukuamrisha kitu maisha yangu yote. Hii moja.

Teyo


Santa Cruz Yutandú, 16 Machi 1997

Eleuterio,

Nakusalimu. Nyumba inakusalimu.

Barua yako ilifika mwisho wa Januari. Siku tisa sikusema na mtu. Crispina alidhani nimemnunia yeye, akapika kila kitu ninachokipenda, nami nikala, maana mtu ameshapika.

Nimekukasirikia sana. Ungeniambia mwaka wa hamsini. Kiapo cha mtoto wa miaka saba, upuuzi gani huo. Mimi ningeshuka pale nyumbani, ningemtungia mama nyuzi mia, ningemwambia amezeeka ndiyo, halafu ningempeleka Huajuapan kwa miguu mgongoni kwangu kabla hao nzi hawajazoea. Mlinificha, nyinyi wawili, kwa sababu ya mdomo wangu. Sawa. Ninaujua mdomo wangu.

Siku ya kumi nikaenda kituoni. Nilivaa viatu vya kanisani nisije nikaonekana nimepelekwa. Daktari wa mwaka huu ni msichana, ana miwani na mikono baridi. Akanitoboa kidole, akatazama kimashine chake, akakitoboa tena. Nikamwambia, "Kama hujui kusoma nitakusomea." Akasema, "Mama, ni kubwa mno, nilitaka niwe na hakika." Nikamwambia sijashtuka na kitu chochote maisha yangu, kwa hiyo sukari siwezi kuwa nayo. Akasema, "Mama, unakunywa soda ngapi kwa siku?" Nikasema tatu. Crispina, ambaye hakuitwa, akasema sita. Nikamtazama. Akasema, "Saba, siku za soko."

Kidole gumba wamekikata Huajuapan. Nimebaki na tisa na vinanitosha, vingine sikuwa navitumia. Wakasema nimewahi, ningekaa mpaka Pasaka wangechukua mguu.

Friji nimewaambia watu wa soda waje waichukue. Hawajaja. Nimeweka ndani mayai na vile vichupa.

Nachoma mara mbili kwa siku. Mara ya kwanza nilikaa nayo mkononi mpaka chakula kikapoa. Nilikuwa nafikiria uso wa mama. Halafu nikachoma. Baada yake nikatoka nje kuangalia. Kanisa nililiona, mnara na njiwa wake, nikahesabu njiwa, kumi na wanne. Kila asubuhi nahesabu.

Kwa Crispina sikusema kitu kuhusu ile habari ya sisimizi. Nimempa ufunguo wa duka. Anaelewa.

Wifi Rutilia, hapa acha kusoma kwa sauti. Mwambie barua imekwisha, au imelowa, tafuta la kusema, wewe ni mtu uliyesoma.

Niliandika mambo juu yako. Wewe ndiye uliyeyasoma, ukayatia sauti yako mwenyewe, na huyo mtu asiyeona ukaendelea kumpikia. Nimejaribu kufikiria kama mimi ningeweza. Ningechoma barua, na baadaye pengine na nyumba.

Jambo langu ni hili. Uliona vichupa kwenye takataka. Mimi ndiye niliyevitupa, mkono wake ulikuwa mkono wangu tu kutoka mbali. Nilimwambia mdogo wangu afanye kitu, akafanya, na sasa haoni. Yeye anasema hanilaumu. Anasema hivyo kwa sababu nilimlea na ni mtu mwema. Mimi kuandika neno linalotakiwa siwezi. Nimelianza mara nne, karatasi nne nimewashia moto. Wewe mtafutie maneno, siku nzuri, akiwa ameshiba, umwambie kana kwamba yametoka kwako. Usimwambie nimelia. Sikulia sana.

Kuanzia hapa msomee tena.

Basi, Teyo, vaa kofia ukitoka nje, na usimchoshe wifi yangu.

Honorata


San Quintín, 13 Aprili 1997

Dada Honorata,

Leo naandika kwa jina langu. Huku tu salama. Pole sana kwa kidole, na asante kwa kuniita wifi.

Pale ulipoandika niache kusoma kwa sauti, nilisoma kwa sauti. Unisamehe. Tangu mwaka jana sijamrukia neno lako hata moja, na mengi yalikuwa mabaya, basi sikuona haki kuanza kuruka lilipofika zuri. Tena angejua. Anasikia mpaka ninavyovuta pumzi.

Nilipomaliza aliniomba nirudie kutoka "Mimi ndiye niliyevitupa". Nikarudia. Jua likahama kutoka kwenye meza. Nikamuuliza, "Nimjibu nini?" Akapangusa uso kwa mkono wa shati, akasema:

"Muulize anachoma wapi. Namjua, atakuwa anachoma pajani kwa ubishi, na pajani panauma. Mwambie achome tumboni, abane ngozi kwa vidole viwili. Mwambie mimi nachoma tumboni, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Tuchome saa moja wote."

Wifi yako,
Rutilia